Modemu dirishani, ruta sebuleni: Nyumba za mpakani zinavyosaka mtandao

MALABA, saa tatu usiku. Kisanduku cheupe kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha la chumba cha watoto, upande wa mashariki wa nyumba. Uso wake umeelekezwa nje gizani, ambako taa nyekundu ya mnara wa simu inawaka juu ya mabati ya majirani.

Waya wa kijivu unatoka kwenye kisanduku hicho, unapita juu ya mlango, unafuata ukingo wa dari hadi sebuleni na kuishia nyuma ya kisanduku cha pili. Hiki ni cheusi, kina antena nne, na kimewekwa juu ya kabati la vyombo.

Hapa ni kwa shemeji yangu. Yeye ni wakala wa forodha, na kazi yake haiishi anapofunga ofisi. Lori likiwa njiani kutoka Mombasa, stakabadhi zake lazima ziingizwe kwenye mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, zikaguliwe, zirekebishwe, zilipiwe. Mengi ya hayo shemeji huyafanya usiku, akiwa mezani pake, chai ikipoa pembeni.

Mtandao ukikatika, karatasi hazitembei. Karatasi zisipotembea, lori halivuki. Dereva analala kwenye foleni, na mwenye mzigo aliyeko Kampala anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja shemeji alikuwa na kisanduku kimoja tu, kile cheupe, kilichofanya kazi zote. Kilikaa kando ya televisheni kwa sababu soketi iko hapo. Sebule hiyo inatazama magharibi, na magharibi ya Malaba ni Uganda.

Mhariri aliponituma kuandika kuhusu intaneti ya nyumbani katika miji miwili ya mpakani, Malaba na Busia, nilidhani nitarudi na habari ya bei za vifurushi. Nimerudi na jambo jingine, dogo kwa kulitazama: kisanduku kikae wapi, kiwe kimoja au viwili, na nani awe mwenye nacho.

MKONGO UNAPITA MLANGONI

Mgeni anayefika Busia huonyeshwa mpaka, kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na waendesha boda boda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa hapa hapa katika safari za baiskeli za kuvusha watu mpakani. Hakuna anayemwonyesha mkongo wa faiba. Umezikwa kando ya barabara, chini ya mitaro ambayo mama mboga hutandika magunia yao juu yake.

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hutua Mombasa, hupanda hadi Nairobi, kisha huvuka kupitia Busia na Malaba. Njia nyingine hupitia Tanzania na kuingilia Mutukula.

Kabla ya 2009 nchi zote mbili zilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na nzito. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa. TEAMS, mradi ulioongozwa na serikali ya Kenya na unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ukaanza kazi mwaka huo huo. EASSy ukafuata mwaka 2010.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, mtandao ulidorora Afrika Mashariki nzima. Mpasuko wa maelfu ya kilomita kutoka hapa ulimfikia mtu aliyekaa Malaba akisubiri ukurasa mmoja ufunguke.

Lakini mkongo kupita mlangoni si sawa na mkongo kuingia ndani. Bomba kuu la maji linaweza kupita mbele ya boma lako, nawe ukaendelea kuchota kisimani. Faiba ya majumbani imefika baadhi ya mitaa ya Busia mjini. Kwingine, na hasa ukitoka kidogo nje ya mji, watu wengi bado wanategemea laini ya simu iliyotiwa ndani ya kisanduku. Tangu Julai 2023, Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipoanza kuuzwa nchini Kenya, wenye uwezo wameongeza sahani juu ya paa.

> Bomba kuu la maji linaweza kupita mbele ya boma lako, nawe ukaendelea kuchota kisimani.

KAZI MBILI, WATU WAWILI

Wengi huita kila kisanduku chenye taa "waifai". Basi hata malalamiko huwa moja: waifai imekufa. Ukweli ni kwamba ndani ya kisanduku kile mna kazi mbili zisizofanana.

Modemu ndiyo inayozungumza na nje. Hupokea kinachokuja, kiwe ni mwanga wa faiba, mawimbi ya mnara au, zamani zile, sauti kwenye laini ya shaba ya Telkom, na kukigeuza kiwe lugha ambayo kompyuta inaielewa. Ruta inazungumza na ndani. Hukipa kila kifaa nyumbani nambari yake, huhakikisha video ya mtoto haiendi kwenye simu ya mama, hufunga mlango wageni wasiingie, kisha husambaza yote hewani kwa waifai.

Mtu wa Malaba analielewa hili upesi. Modemu ni afisa wa mpakani, na ruta ni karani wa stoo anayejua mzigo gani ni wa nani. Kampuni nyingi humweka afisa na karani kwenye kiti kimoja, ndani ya kisanduku kimoja, na katika nyumba ya chumba kimoja wanapatana vizuri kabisa.

Shida huanza pale afisa anapotakiwa kukaa dirishani na karani anatakiwa kukaa katikati ya nyumba.

MINARA YA NCHI MBILI

Nilimwomba shemeji afungue ukurasa wa mipangilio ya modemu, tukaiamuru itafute netiweki zote zilizo karibu. Ilichukua kama dakika mbili. Orodha ilipotokea, ilikuwa ya nchi mbili: 639 02, ambayo ni Safaricom, 639 03, Airtel ya Kenya, 641 10, MTN ya Uganda, 641 01, Airtel ya Uganda. Tarakimu tatu za mwanzo ndizo pasipoti ya mnara. 639 ni Kenya, 641 ni Uganda.

Mawimbi hayasimami kizuizini kugongewa muhuri. Nyumba ya Burumba au Mayenje mjini Busia inaweza kusikia mnara wa ng'ambo kwa nguvu kuliko wa kwao. Ndiyo maana wakazi wengi hapa wana laini mbili mfukoni, na ndiyo maana simu hukukaribisha Uganda ukiwa umekaa kitini kwako Kenya.

Makubaliano ya nchi za Ukanda wa Kaskazini, yaliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa 2014, yalishusha gharama ya kupiga simu kati ya Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini. Lakini data ni hesabu nyingine. Laini ya intaneti ya nyumbani kwa kawaida haikubaliwi kwenye mnara wa nchi jirani. Ikipoteza mnara wake, kisanduku huanza kuzunguka kutafuta, na wewe unatazama duara likizunguka kwenye kioo.

Dawa ya kwanza ni ya bure, na nashangaa wachache wanaijua: ondoa modemu kwenye uchaguzi wa kujiendesha, uichagulie mwenyewe netiweki yako, na uzime huduma ya kutumia mtandao wa nje.

Dawa ya pili ni mahali. Ukuta wa matofali hula mawimbi. Mabati huyarudisha yalikotoka. Modemu ikikaa dirishani upande wa mnara wa Kenya, juu kiasi, husikia vizuri. Lakini ukiiacha huko na waifai yake, chumba cha watoto kitapata mtandao mzuri na meza ya shemeji itapata makombo. Ndipo ruta ya pili inapopata kazi. Waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kasi kupungua. Sisi tulihitaji 14.

> Mawimbi hayasimami kizuizini kugongewa muhuri.

FUNDI WA KAMPUNI, FUNDI WA MTAANI

Si kila mtu anakubaliana nami kuhusu kisanduku cha pili, na hoja za upande wa pili si dhaifu.

Mafundi wanaofunga huduma za kampuni hupendelea kisanduku kimoja. Mtandao ukifa, wanaweza kukikagua wakiwa mbali na kujua kama tatizo liko kwao au kwako. Ukiweka ruta yako katikati, ukipiga simu kwa huduma kwa wateja jibu la kwanza ni kwamba kifaa hicho si chao. Mteja anabaki akitupwa huku na huku, kama mpira. Pia visanduku viwili ni adapta mbili na soketi mbili, na nyaya nyingi nyuma ya kabati, mahali ambapo kuku, watoto na fagio hupita.

Wenye maduka ya simu mjini nao husukuma kisanduku cha pili, na si kila mara kwa faida ya mteja. Nimeona mtu wa chumba kimoja akiuziwa ruta ya antena sita. Antena nyingi haziongezi kasi inayoingia kutoka nje. Ukinunua kifurushi cha megabiti 10, ruta ya bei yoyote itakupa hizo hizo 10.

Msimamo wangu ni huu: anayeishi chumba kimoja, mwenye faiba iliyotulia, asitoe hata shilingi. Lakini familia yenye nyumba ya vyumba vitatu karibu na mpaka inahitaji ruta iliyo mali yake. Modemu ni ya kampuni, na kampuni hubadilika. Leo una laini, mwakani faiba itafika mtaani, mwaka wa tatu utahamia sahani. Ruta ikiwa yako, unachomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine. Jina la mtandao ni lile lile, nywila ni ile ile. Simu, televisheni na kamera ya getini hazijui kama kumetokea mabadiliko.

NAMBARI ZILIZOFANANA

Nieleze tulivyofanya, pamoja na kosa letu, kwa sababu kosa hilo nimelikuta katika nyumba nyingine mbili tangu hapo.

Tulizima vyote. Tukachomeka waya kwenye tundu la modemu lililoandikwa LAN, ncha ya pili kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN, ambalo rangi yake hutofautiana na mengine. Hapa wengi hukosea: huchomeka kwenye tundu lolote linaloingiana, na yote huingiana. Tukawasha modemu kwanza, tukangoja taa zake zitulie, ndipo tukawasha ruta. Utaratibu huo una maana, kwa sababu ruta huomba nambari kutoka kwa modemu, na huwezi kumwomba aliyelala.

Taa zote zikawa kijani. Intaneti hakuna.

Tulihangaika kwa saa nzima. Shemeji alikuwa ameshaanza kulikunja sanduku la karatasi ili airudishe ruta dukani. Mwisho nikageuza visanduku vyote viwili na kusoma vibandiko vya chini kwa tochi ya simu. Modemu: 192.168.1.1. Ruta: 192.168.1.1.

Ilikuwa nyumba mbili zenye anwani moja. Barua ikitumwa, haijulikani iende ipi. Tukaichomoa ruta kwenye modemu, tukaifungua peke yake kwa simu, tukabadilisha anwani yake iwe 192.168.5.1, tukaiunganisha tena. Dakika moja baadaye shemeji alisimama, akanishika mkono, akasema, "Shemeji, umenirudisha kazini."

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Tulizima waifai ya modemu ili redio mbili zisizomeane ndani ya nyumba moja. Tukabadilisha nywila ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo kiwandani huwa ni neno rahisi ambalo kila mtoto wa kompyuta analijua. Tukachagua ulinzi wa WPA2. Wenye ruta mpya wachague WPA3. Ruta ina masafa mawili: ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika jikoni, ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka mapema. Kompyuta ya shemeji iko mita mbili kutoka kabatini, basi tukaiweka kwenye 5.

Ipo dosari moja niiseme wazi. Visanduku viwili vikiwa vyote vinagawa nambari, mizigo inakaguliwa mara mbili. Kwa kusoma, kutazama na kutuma nyaraka hutaona tofauti. Anayetaka kuona kamera zake za dukani akiwa safarini, au mwenye vijana wanaocheza michezo ya mtandaoni, ndiye atakayekwama. Aiombe kampuni iigeuze modemu iwe daraja tupu, ipitishe tu bila kugawa, ruta ifanye kazi yote. Kampuni zingine hukubali kwa simu moja tu.

Kwa wenye faiba, kuna taa mbili za kuzijua. Ile ya PON ikiwa kijani bila kupepesa, mwanga unafika. Ile ya LOS ikiwa nyekundu, waya wa kioo umekatika au umekunjwa mno mahali fulani, na hakuna kitu cha kubadilisha kwenye ruta kitakachosaidia. Usimwite fundi wa mtaani. Piga simu kwa kampuni.

PLOTI NZIMA KWENYE LAINI MOJA

Ruta ikishakuwa na nguvu, swali jingine hubisha hodi. Busia na Malaba ni miji ya ploti: vyumba kumi na viwili vinatazama ua mmoja, wapangaji ni makarani, wachuuzi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, madereva wanaolala usiku mmoja. Mwenye ploti mwenye faiba huona fursa. Kwa nini asiwauzie wapangaji?

Nawaelewa. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku kila siku, kuchangia laini moja ni nafuu ya kweli. Lakini chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba mingi ya majumbani inakataza kuuza tena. Tangu 2021 mamlaka hiyo ina utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, uliokusudiwa hasa vikundi vidogo vinavyotaka kujiunganisha wenyewe. Ningependa kuona vikundi vya wapangaji na vyama vya akina mama wa mpakani vikiuchangamkia, kuliko mambo kufanyika kwa siri nyuma ya choo cha ploti.

Kuna pia hatari ambayo haitajwi sana. Kwa macho ya dunia, vifaa vyote nyuma ya ruta yako vina anwani moja, na anwani hiyo imeandikishwa kwa jina lako. Mpangaji wa usiku mmoja akimtapeli mtu mtandaoni, wachunguzi wanaofuata Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 watabisha kwako kwanza. Hapa tena ruta inayojitegemea inasaidia: nyingi zina mtandao wa wageni, wenye jina na nywila yake, ambao hauoni kompyuta zako na unaweza kuuzima ukienda kulala.

> Kwa macho ya dunia, vifaa vyote nyuma ya ruta yako vina anwani moja, na anwani hiyo imeandikishwa kwa jina lako.

AGIZO LA KAMPALA, LAINI YA KENYA

Mpaka una njia yake ya kukumbusha watu kwamba laini ina uraia. Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, serikali ya Uganda iliamuru intaneti izimwe. Ilirejea siku tano baadaye, na Facebook ikabaki imefungwa. Agizo lilizihusu kampuni za Uganda, si minara ya Kenya. Aliyekuwa Busia ya Kenya akitegemea laini ya ng'ambo alizimikiwa akiwa nchini kwake. Aliyekuwa ng'ambo na laini ya Kenya, karibu vya kutosha na mnara, aliendelea.

Kwa wakala kama shemeji, anayehudumia wateja wa pande zote mbili, hilo si jambo la siasa za mbali. Kwa sababu hiyo anaweka laini ya pili, ya kampuni nyingine ya Kenya, kwenye bahasha iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Modemu ikikosa mnara, anabadilisha laini. Ruta haiguswi.

STIMA IKIPOTEA

Yote haya hayana maana bila umeme, na umeme wa huku hupotea, hasa mvua za jioni zinapoanza. Betri ndogo za ruta zinazouzwa madukani hutoa volti 5, 9 na 12 kwa wakati mmoja. Kisanduku cha kampuni mara nyingi hutaka 12, na ruta nyingi za bei nafuu hutaka 9. Ncha za waya hufanana kabisa. Ukikosea ukaipa ruta ya 9 umeme wa 12, unaweza kuiunguza siku hiyo hiyo. Tulifunga utepe mwekundu kwenye waya wa modemu na mweupe kwenye wa ruta, kisha tukavifunga vivyo hivyo visanduku vyenyewe.

Na radi. Magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za nchi. Waya wa shaba unaotoka nje ya nyumba unaweza kuibeba hadi sebuleni. Ndiyo sababu modemu ya shemeji imefungwa ndani ya nondo badala ya kupandishwa mlingoti juu ya paa, ingawa juu ingesikia vizuri zaidi. Mawingu yakiwa meusi, dada yangu huchomoa kila kitu bila kuuliza mtu.

Usiku ule nilioanza nao habari hii, hakukuwa na mawingu. Saa nne kasoro robo taa zilizimika mtaa mzima, kelele za redio zikakatika, mbwa wakaanza kubweka upande wa reli. Gizani zilibaki taa ndogo za kijani juu ya kabati na, kwa mbali kupitia mlango wa chumba cha watoto, nyingine dirishani. Shemeji hakuinua kichwa. Betri ya kompyuta yake ilikuwa na asilimia 60, na stakabadhi za lori la tatu zilikuwa katikati ya kupanda.